Bastola Iliyoitwa Hati

Rwegasira alikuwa ameua watu wengi kuliko mtu mwingine yeyote wilayani Muleba, na wote aliwaua kwa mdomo. Kila Jumapili mchana, watu wa Ijumbi wakishatoka misani na kula ndizi zao, aliketi kwenye kiti cha plastiki pembeni ya runinga ya Ma Gaudiosa, akashika maiki, akaanza kuwatafsiria picha. Picha zenyewe zilikuwa za Kikorea, za Kichina, za Kihindi, na nyingine za lugha ambayo hakuna aliyewahi kuitambua. Hilo halikumsumbua. Alikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne na macho mazuri. Alimtazama mtu usoni akajua anataka kusema nini. Stelingi akifungua kinywa, Rwegasira alikuwa ameshasema. Adui akirushwa kutoka ghorofani, Rwegasira alianguka naye, akishusha sauti taratibu mpaka chini kabisa, na kibanda kizima kikatoa pumzi.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Siku ya kuchinja kuku alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli barabarani, na kisu akakishika mkewe Joviana. Joviana hakuwahi kuona picha hata moja mpaka mwisho. Alisema zinamletea usingizi.

Kibanda kilikuwa ghala la kahawa enzi za marehemu mume wa Ma Gaudiosa. Mjane aliondoa magunia, akaingiza mabenchi, akanunua runinga kubwa na spika moja yenye sauti ya kukwaruza. Watu walikiita kibandaumiza kama vibanda vyote vya namna hiyo nchini, kwa sababu ya mabenchi, na Ma Gaudiosa hakuona ubaya. Alisema anayetaka mto wa kukalia atoke nao kwake.

Mambo yalikwenda hivyo kwa amani mpaka Josia aliporuka.

Josia alikuwa kijana wa bodaboda. Siku hiyo aligombana na mwenzake kuhusu abiria, mama mmoja aliyekuwa na mkungu wa ndizi na ambaye, wakati wao wanagombana, aliamua kutembea kwa miguu. Maneno yalipomwishia, Josia alipanda juu ya kisiki, akatoa sauti kama ya paka aliyekanyagwa, akaruka mguu mmoja mbele kama alivyokuwa ameona Jumapili. Mwenzake alisogea pembeni. Nyuma yake palikuwa na shimo la kuivishia ndizi za pombe, na Josia akatua humo, akavunjika mkono. Pale zahanati alipoulizwa imekuwaje, alisema ni mambo ya kwenye picha, ila kule ilifanyika vizuri zaidi.

Habari hiyo ilimfikia Mwalimu Mutembei kabla plasta haijakauka. Mutembei alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya malezi pale kigangoni, mtu wa suti ya kijivu na mwavuli mweusi ambao aliutembeza hata kiangazi. Nusu ya watu wazima wa Ijumbi walikuwa wamefundishwa naye kusoma, Rwegasira akiwamo, na mpaka leo walipokutana naye njiani walijikuta wakinyoosha mgongo. Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha, aliomba watu wasiondoke, akasimama mbele ya kanisa akaongea kwa utulivu mkubwa. Alisema mtoto hujifunza kwa kuiga. Alisema yeye ameshika chaki miaka mingi na anajua kwamba kinachoingia kwa macho kila juma hutokea kwa mikono siku moja. Hawa vijana wanakula risasi na visu kila Jumapili kama wanavyokula ndizi, halafu tunashangaa wanaporuka. Leo ni mkono wa Josia. Kesho je?

Watu waliitikia kwa vichwa, hasa wale waliokuwa na njaa na waliotaka amalize.

Ma Gaudiosa akainuka. Alikuwa mwanamke mpole, ila kibanda kilikuwa chake.

"Mwalimu, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "pale kwangu wamekufa watu wasiohesabika, na mabenchi yangu bado ni mazima. Aliyevunjika mkono ni mmoja, na amejivunja mwenyewe."

Wengine walicheka, na Mutembei akawangoja wamalize, kama alivyokuwa akifanya darasani. Kisha wakazungumza kwa muda. Kufunga kibanda hakuna aliyetaka, maana hata wanakamati walikuwa na sehemu zao kwenye mabenchi. Mwisho wakakubaliana hivi: picha hazibadilishiki, lakini maneno ni ya Rwegasira. Basi kuanzia siku hiyo, kwenye maiki ya Rwegasira hakuna kuua, hakuna kisasi, hakuna tusi. Na Mwalimu mwenyewe atakuwa anakuja kusikiliza.

Rwegasira hakupinga. Mtu aliyekufundisha herufi *a* humpingi hadharani. Lakini njiani kurudi nyumbani alimwambia Joviana kwamba hii ni sawa na kumwambia mpishi apike bila moto. Joviana akamwambia kwamba kama ni hivyo, basi atengeneze saladi.

Kwanza alijaribu kufuata njia iliyonyooka. Alikwenda Bukoba, kwa Navnit, mzee wa Kihindi mwenye duka la redio, pasi na nyaya za umeme, ambaye kwenye kona moja ya kaunta alikuwa bado akiwajazia watu picha kwenye flashi. Navnit alizaliwa mji huo huo, na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko cha vijana wengi wa siku hizi. Watoto wake walishahama, ndugu zake karibu wote walishahama. Yeye na mkewe Geeta walibaki, wakisema kila mwaka kwamba nao wataondoka.

Rwegasira alipomwomba picha isiyo na kupigana, Navnit aliweka miwani chini. Alisema katika maisha yake ya biashara hajawahi kuulizwa kitu hicho na mtu mzima. Akasimulia kwamba alipokuwa kijana, mji ukiwa bado na sinema, alipenda kusimama mlangoni kuangalia watu wakitoka. Picha ikiwa ya ngumi, vijana walitoka wametanua mabega, mikono mbali na mbavu, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa jicho moja. Wakafika kwenye kona ya soko, mabega yakashuka. Wakifika nyumbani kwa baba zao walikuwa wameshakuwa wadogo kabisa.

"Kwa hiyo haina madhara?" Rwegasira aliuliza.

"Sijui," alisema Navnit. "Mimi niliishia kwenye kona."

Geeta, aliyekuwa akisikiliza kutoka nyuma ya pazia, alisema ipo moja nzuri, ya daktari mzee na mbwa wake. Rwegasira akaichukua hiyo, na kwa tahadhari akachukua na nyingine ya majambazi.

Picha ya daktari na mbwa ilionyeshwa Jumapili ile. Mbwa aliugua, daktari akakaa naye bustanini, wakaangalia maua. Ilipofika katikati, kwenye kibanda walikuwa wamebaki Ma Gaudiosa, Mwalimu Mutembei, na mzee mmoja aliyelala akiegemea ukuta. Mutembei alikaa mpaka mwisho kwa heshima zote, ingawa mara mbili Rwegasira alimwona akitazama saa. Walipotoka, Ma Gaudiosa alimvuta Rwegasira kando, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mbwa mwingine akiugua humu ndani, atarudisha magunia ya kahawa.

Ndipo Rwegasira akageukia ile ya majambazi.

Aliitazama nyumbani peke yake, mkono ukiwa shavuni. Ilikuwa na jambazi mmoja mwenye kipara, mtu mzima, mwenye ghala kubwa ufukweni, na mwingine kijana mwenye nywele ndefu aliyekuwa akilitaka ghala hilo. Walivaa suti. Walinong'onezana, walitupiana risasi, walichoma magari, walinong'onezana tena. Rwegasira alijiuliza: kama hawaruhusiwi kuuana, watu wawili hawa wanagombania nini kwa uchungu namna hii? Jibu likaja lenyewe, kwa kuwa ndilo jambo pekee alilowahi kuona watu wa kwao wakinuniana kwalo maisha yao yote. Wanagombania kibanja, shamba la urithi.

Jumapili kibanda kilijaa nusu tu, kwa hofu ya mbwa. Mwalimu Mutembei alikaa benchi la mbele, mwavuli katikati ya magoti. Rwegasira akajaribu maiki, akaanza. Akawaeleza kwamba hawa mnaowaona ni ndugu wa baba mmoja. Huyu mwenye kipara ni mkubwa, ndiye *omusika* aliyerithi nyumba na sehemu kubwa ya shamba. Huyu mwenye nywele ni mdogo, na tangu baba yao azikwe hajalala vizuri.

Watu wakacheka kidogo. Kisha mwenye kipara akachomoa bastola.

"Hapa kaka mkubwa anatoa hati ya kibanja," alisema Rwegasira bila kusita. "Anasema, soma mwenyewe, mpaka unaishia hapa."

Mwenye nywele naye akachomoa yake.

"Mdogo anasema, hata mimi ninayo hati yangu. Ilisainiwa na baba akiwa na akili zake timamu."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka barabarani, na watu waliokuwa wakipita wakaingia. Risasi zikaanza kulia, na Rwegasira akasema wanasomeana hati kwa sauti. Mmoja akaanguka, kifuani pamelowa. Rwegasira akasema huyo ni shahidi wa upande wa mdogo, amemwagikiwa na pombe, anapumzika. Mutembei mwenyewe alicheka mpaka akatoa leso. Alimgeukia jirani yake akasema huo ndio ubunifu, na kwamba Rwegasira tangu darasa la tatu alikuwa na kichwa.

Lakini polepole kicheko kikapungua, na Rwegasira, ambaye sikio lake lilijua kibanda kile kama mganga anavyojua kifua cha mgonjwa, akasikia kitu kingine. Watu walikuwa wakisikiliza kweli. Miaka yote walikuwa wameangalia mamia ya watu wakifa huku wakitafuna karanga, wakiulizana bei ya kahawa. Sasa karanga zilikuwa zimesimama mikononi. Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba kaka mkubwa ana haki, desturi ndiyo inavyosema. Mwingine nyuma yake akamjibu kwamba desturi haikusema mdogo akalale barabarani. Kabla picha haijafika katikati, watu walishaanza kuhama mabenchi, wa kaka mkubwa kushoto, wa mdogo kulia.

Ma Gaudiosa alikuwa mlangoni, akiwahesabu wanaoingia, uso wake uking'aa.

Hapo inafaa kusema habari ya Lwakatare. Lwakatare alikuwa mdogo wake Mutembei, baba mmoja mama mmoja, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Kati ya kibanja chake na cha kaka yake ulipita mstari wa milamula, ile mimea ya mpaka inayopandwa huku tangu zamani, na kwa miaka mingi Lwakatare alikuwa akisema kwamba mimea ile ina miguu. Hakusema zaidi. Mutembei naye hakuwahi kumjibu. Walisalimiana kanisani kwa adabu kamili, wakaulizana habari za watoto, lakini tangu matanga ya baba yao hawakuwahi kula kwenye sinia moja. Kila mtu pale Ijumbi alilijua hilo, na kila mtu alilizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi alilolizoea.

Rwegasira pia alilijua. Baadaye aliapa mbele ya mkewe kwamba hakulikumbuka kabisa siku ile. Tatizo lilikuwa picha yenyewe. Ilifika mahali mwenye kipara, peke yake, gizani, anahamisha masanduku kutoka upande mmoja wa ghala kwenda upande mwingine, akiangalia nyuma. Maneno yalihitajika upesi, na yakaja.

"Hapa kaka mkubwa anahamisha mimea ya mpaka," alisema. "Watu bado wako matangani."

Kutoka mabenchi ya kulia, nyuma kabisa, ikasikika sauti ya mtu ambaye hakuna aliyemwona akiingia.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema Lwakatare. "Hivyo hivyo."

Mwalimu Mutembei aliinuka taratibu, kama anayetaka kutoka nje kujisaidia. Alipita kati ya mabenchi akiomba samahani kwa kila aliyemgusa goti. Alipofika kwa mdogo wake alisimama, akainua mwavuli, akampiga nao begani. Lwakatare aliushika mwavuli, wakavutana, benchi likapinduka, mama aliyekuwa akiuza karanga akapiga yowe, na pigo la pili, ambalo lilikusudiwa Lwakatare, likaipata spika. Spika ikatoa mlio mrefu ikanyamaza. Nyuma yao, kwenye runinga, majambazi waliendelea kuuana bila sauti, na hakuna aliyewaangalia.

Ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza mtu kupigwa ndani ya kibanda kile tangu kijengwe.

Siku zilizofuata Ijumbi haikuzungumza kingine. Wengine walisema ndiyo mmeona sasa, picha inaleta ukatili, Mwalimu alisema kweli na akathibitisha mwenyewe. Wengine walisema picha gani, wakati ile ilikuwa imeondolewa ukatili wote na kamati ya malezi. Josia, mkono ukiwa bado kwenye plasta, alizunguka kijiweni akisema kwamba yeye angalau aliruka kwa mtu asiye ndugu yake.

Rwegasira hakufurahi. Joviana alimtania kwa siku nzima, akimwita bwana hati, kisha akaona mumewe hali vizuri akaacha. Alikuwa amewaua watu kwa mdomo wake miaka yote hiyo na kurudi nyumbani akiwa mwepesi. Sasa alikuwa amesema sentensi moja ndogo, isiyo na damu, na mzee aliyemfundisha kusoma alikuwa amejifungia ndani kwa aibu.

Mzee huyo alikuja mwenyewe siku ya tatu, saa za mchana, bila mwavuli. Alimkuta Rwegasira akipalilia kahawa nyuma ya nyumba. Alisema amekuja kuhusu spika. Ameshazungumza na Ma Gaudiosa, fundi ataitengeneza. Akasifu kahawa. Akaulizia habari za wazazi. Akakwangua gome la mbuni kwa ukucha.

"Ile picha," alisema hatimaye. "Mwishoni, yule kaka mkubwa anaonekana mtu wa namna gani?"

Rwegasira alisema picha bado haijaisha, Mwalimu.

"Najua haijaisha. Nakuuliza wewe kwa sababu maneno ni yako. Mimi sisemi useme uongo. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuhamisha mimea kwa sababu zake. Pengine baba alimwelekeza. Pengine mdogo alikuwa mlevi enzi hizo, shamba lingeuzwa lote. Hayo nayo yanaweza kusemwa kwenye maiki."

Akaaga, akaenda zake akitembea polepole, na kutoka nyuma alionekana mdogo kuliko Rwegasira alivyozoea.

Kesho yake akaja Lwakatare na kikapu cha maparachichi. Bega lilikuwa likimuuma bado, alisema, lakini si sana. Alikaa kwenye kibao, akakataa chai, kisha akaikubali. Alizungumza na Joviana kuhusu mlango wao uliopinda akaahidi kuja kuurekebisha. Alipokuwa anaondoka alimwambia Rwegasira, kama jambo lililomjia tu, kwamba angependa kuona yule mdogo akipewa japo kipande. Si chote. Hata upande wenye mfenesi ungetosha.

"Kwenye picha hakuna mfenesi, Ta Lwakatare," alisema Rwegasira.

"Utautia," alisema Lwakatare.

Rwegasira alirudi ndani, akamsimulia mkewe ukweli ambao hakuwa amemwambia mtu. Alishaitazama picha ile mpaka mwisho. Mwenye kipara anampiga risasi mwenye nywele ndani ya ghala, kisha ghala lote linaungua. Hakuna kipande, hakuna mfenesi. Akiwatafsiria sawasawa, atakuwa amewaua wazee wawili mbele ya majirani zao. Akiwadanganya kwamba wamepatana, macho yao yataona damu.

Joviana alikuwa akimenya ndizi. Alimenya mbili zaidi ndipo akajibu.

"Nani amekwambia lazima useme?"

Jumapili ile kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama dirishani. Hata katekista alikuwepo, akisema amepita tu. Mutembei alikaa kushoto, Lwakatare kulia, na njia ya kati ikabaki tupu, hakuna aliyetaka kukaa pale. Spika ilikuwa imepona, ingawa sasa ilikuwa na kikohozi. Rwegasira alianza pale walipoishia, na kwa muda mrefu alifanya kazi yake kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai. Kaka mkubwa alisema hiki, mdogo akasema kile. Alimpa kila mmoja maneno yake bora. Alieleza kwamba kaka mkubwa aliogopa shamba lisije likauzwa. Alieleza kwamba mdogo hakutaka shamba lote, alitaka kuulizwa. Kila aliposema sentensi kama hiyo, upande mmoja ulikohoa.

Kisha wale wawili wakaingia ghalani.

Rwegasira akasema kwenye maiki, "Hapa sitafsiri. Tazameni wenyewe," akaizima.

Ma Gaudiosa alifikiri maiki imeharibika, akataka kuinuka, lakini akaona uso wa Rwegasira akakaa. Watu waliangalia. Hawakuwa wamewahi kuangalia picha bila mtu wa kuwaambia nini cha kuhisi. Sauti ya wale waigizaji, ambayo siku zote ilifunikwa na ya Rwegasira, ilisikika kwa mara ya kwanza, nyembamba, katika lugha yao isiyojulikana, na mwenye nywele alikuwa akiomba. Hilo lilieleweka bila msaada. Mwenye kipara alipiga risasi moja tu. Halafu akapiga magoti, akamshika mwenzake kichwa, akajaribu kumfuta damu kwa mkono wa suti, akaifanya ienee zaidi. Moto ulipoanza hakuondoka.

Runinga ikawa nyeusi, majina yakaanza kupanda. Hakuna aliyepiga makofi. Mama wa karanga alijifuta macho kwa kanga akasema ni vumbi. Wengine walitazama chini.

Mutembei ndiye aliyesema kwanza. Hakumgeukia mtu, alizungumza akiitazama runinga.

"Kwa hiyo kibanja kimebaki na nani?"

"Hakuna aliyebaki, Mwalimu," alisema Rwegasira.

Mzee akasema, kwa sauti ile ile ya darasani, ila sasa bila nguvu nyingi, "Lwakatare. Kesho asubuhi uje. Uje na kamba."

Lwakatare alijibu kwamba kamba anayo, na kwamba atakuja pia na mashahidi wake. Mutembei akasema na yeye atakuwa nao.

Ningesema walikumbatiana, lakini hawakukumbatiana. Asubuhi ile walipima, na walipima huku wakizozana, kila mmoja akishika ncha yake ya kamba na kumwambia mwenzake aache kuivuta. Mashahidi walikuwa na umri mkubwa na kila mmoja alikumbuka mpaka wake. Kufikia mchana milamula kadhaa ilikuwa imeng'olewa na kupandwa upya, pungufu ya alivyotaka Lwakatare na zaidi ya alivyopenda Mutembei. Mfenesi uliangukia kwa Lwakatare, ila matawi yake manene yaliegemea kwa kaka yake, na kwa muda wote uliobaki wa msimu walibishana iwapo fenesi ni la shina au la tawi. Walibishana wamekaa kibarazani, kwa maneno tu, na mke wa Mutembei, alipochoka kuwasikiliza, akawaletea ndizi na maharage kwenye sinia moja bila kuwauliza. Wakala. Walipomaliza wakaendelea kubishana.

Kijijini hakuna aliyeweza kusema kwa hakika somo lilikuwa lipi. Katekista alidai picha imewapatanisha. Josia alidai kama ni hivyo, basi picha za kuuana zina faida na ziachwe ziendelee. Rwegasira alipokwenda tena Bukoba na kumsimulia Navnit mambo yote, mzee alisikiliza mpaka mwisho, akamwita Geeta aje asikilize naye, akaomba isimuliwe tena kuanzia pale kwenye mwavuli. Alimjazia flashi mpaka pomoni na hakutaka malipo.

Kamati ya malezi ilikaa mara moja zaidi. Iliondoa katazo la maneno, kwa kuwa lilishaonekana linaumiza watu. Badala yake iliamua kwamba kila picha ikaguliwe kabla haijaonyeshwa, na kwa kuwa kazi hiyo ilihitaji mtu mwenye msimamo, Mwalimu Mutembei alijitolea.

Basi tangu hapo kila Ijumaa alasiri, kibanda kikiwa kimefungwa, Rwegasira na Mutembei huketi wawili tu mbele ya runinga. Mwalimu huja na kalamu, huvua koti, huweka karanga kwenye benchi la pembeni. Kwa saa ya kwanza hukagua kwa ukali. Halafu huegemea mbele. Juzi walikuwa wakikagua picha ya watu wa panga, na adui mkuu, baada ya kusumbua nchi nzima, alianguka kwa pigo moja tu. Mutembei alitikisa kichwa, hakuridhika.

"Amekufa upesi mno huyu," alisema. "Hebu rudisha kidogo, Rwegasira. Nione kama kuna madhara."

Rwegasira akarudisha.